Tairi la Upana Gani, Upepo Kiasi Gani: Mwongozo kwa Mwendesha Baiskeli wa Lami

Wengi wetu tunaoendesha baiskeli za resi kwenye lami tunatumia matairi membamba kuliko inavyofaa, na tunayajaza upepo mwingi kuliko yanavyohitaji. Fundi akimaliza kuziba pancha anapiga pampu hadi kidole gumba kisibonyeze kitu. Mwenye baiskeli anagonga tairi kwa kiganja, anaridhika, anaondoka. Akifika kwenye rasta za kwanza meno yanagongana, viganja vinaanza kufa ganzi, na akiteremka mlima wenye kona anaona gurudumu la mbele linarukaruka badala ya kushika barabara. Anavumilia, kwa kuwa anaamini ugumu ule ndio unaompa mwendo. Haumpi. Kwenye barabara nyingi za Afrika Mashariki unamnyang'anya mwendo, na mgongo unaumia bure.

Mwongozo huu ni wa mwenye baiskeli ya usukani uliopinda chini, anayeitumia kwenye lami: kwenda kazini, kufanya mazoezi alfajiri, au kusafiri mji hadi mji akiwa na mzigo nyuma. Baiskeli hizi nyingi huingia kwetu kama mtumba kutoka Ulaya na Japani, zikiwa na matairi aliyoyachagua mtu mwingine, mwenye uzito mwingine, kwa barabara za kwao. Kabla hujabadilisha gia, tandiko au kitu chochote cha bei kubwa, anza na matairi. Hakuna pesa ndogo inayoibadilisha baiskeli kwa kiasi hicho.

Soma ubavuni kabla hujatoa pesa

Ubavuni mwa tairi kuna namba za aina mbili. Ya kwanza ni kama 700x25C. Hiyo 700 ni kipenyo cha nje kwa jina tu, kilichobaki tangu enzi za matairi manene. Herufi C ni kundi la rimu. 25 ndiyo upana kwa milimita. Namba ya pili huandikwa kwa maandishi madogo zaidi, 25-622, na hiyo ndiyo ya kuaminika: 25 ni upana, 622 ni kipenyo cha rimu pale ukingo wa tairi unapokaa. Yote ni milimita. Hiyo 622 ishike kichwani, maana dukani kuna mitego miwili.

Ukimwambia muuzaji unataka tairi la 28, ana haki ya kukushushia tairi la Phoenix, ile baiskeli nyeusi ya mizigo ambayo Kenya wanaiita Black Mamba. 28 ya tairi lile ni inchi. Kwa kawaida limeandikwa 28 x 1½, na rimu yake ni 635. 28 unayoitafuta wewe ni milimita za upana, kwenye rimu ya 622. Rimu hizo mbili zinapishana kwa milimita 13, na tairi la moja halikai kwenye nyingine hata fundi akilibembeleza vipi.

Mtego wa pili unawapata wanaonunua mtumba wa zamani. Baiskeli nyingi za resi za miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, hasa za Uingereza, Marekani na Japani, zilitumia rimu ya inchi 27, yaani 630. Kwa macho huwezi kuitofautisha na 622. Tairi la 622 haliingii kwenye rimu ya 630. Hatari zaidi ni kinyume chake: tairi la 27 x 1¼ linaingia kiulaini kwenye rimu ya 622, linajazwa, halafu linaruka nje ya rimu likishapata upepo wa kutosha, pengine ukiwa katikati ya magari. Kama tairi jipya linaingia bila kushindana na vidole vyako hata kidogo, simama usome namba upya.

Jambo moja zaidi kuhusu tairi la mtumba lenyewe. Likunje ubavu kwa vidole viwili ukiwa kwenye mwanga. Ukiona nyufa ndogondogo zimetapakaa, au nyuzi zinachungulia, mpira umekauka. Tairi la namna hiyo halifai hata kama halijatembea kilomita nyingi, na punguzo la bei lisikushawishi.

Pana halimaanishi zito

Imani kwamba tairi jembamba ndilo la mbio ina mizizi mirefu, na haiondoki kwa kuambiwa tu, kwa hiyo twende polepole.

Tairi linapozunguka, sehemu inayogusa barabara inabonyea, kisha inarudi ilivyokuwa. Mpira na nyuzi zake havirudishi nguvu yote iliyovibonyeza. Kiasi kinapotea kikiwa joto. Chukua matairi mawili ya aina moja, la milimita 23 na la milimita 28, yote yakiwa na psi 80 na yamebeba uzito sawa. Eneo linalogusa barabara ni karibu sawa kwa yote mawili, kwa sababu uzito uleule unabebwa na upepo wa nguvu ileile. Kinachotofautiana ni umbo. Kwa tairi jembamba alama ile ni ndefu na nyembamba. Kwa tairi pana ni fupi na imetanuka. Alama ndefu inalazimisha ubavu ukunjike zaidi kila mzunguko. Kwa hiyo upepo ukiwa sawa, lile pana ndilo linalobiringika kwa wepesi zaidi.

Upotevu wa pili uko nje ya tairi, na kwetu ndio mkubwa. Tairi gumu likikutana na kokoto haliimezi. Linainyanyua baiskeli nzima na mtu aliye juu yake. Nguvu ya kukunyanyua imetoka miguuni mwako, na badala ya kukupeleka mbele imeishia kutikisa mikono, tumbo na mapaja yako. Kwa miaka mingi matairi yalipimwa maabara, kwenye pipa laini la chuma linalozunguka, bila mtu juu. Huko kila ukiongeza upepo majibu yanazidi kupendeza. Jarida la Marekani la Bicycle Quarterly, chini ya mhariri wake Jan Heine, lilikuwa miongoni mwa waliotoka na kupima barabarani, mtu akiwa amekaa juu ya baiskeli, na likaonyesha kwamba kuna kiwango ambacho ukikivuka upepo wa ziada haukuongezei kitu, na barabara ikiwa mbaya unakugharimu.

Wanaoendesha kwa ajili ya mshahara wamekubali. Katika miaka ya 1990 matairi ya Tour de France yalikuwa ya milimita 20 hadi 23. Siku hizi 28 ni jambo la kawaida, na kwenye mawe ya Paris–Roubaix wanatumia 30 na kuendelea. Septemba 2025 Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani yalifika Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali, na mizunguko ya pale mjini ilipandisha Kimihurura, mlima uliotandazwa mawe. Kama umewahi kupita pale kwa baiskeli yenye matairi ya 23 yaliyojaa kabisa, huhitaji maabara.

Na sisi wengine wa lami? Tazama jinsi barabara zetu nyingi za mikoani zinavyojengwa. Lami ya moto inamwagwa, kokoto zinatandazwa juu yake, rola inazikandamiza, basi. Zinabaki zimechomoza. Ndani ya gari unasikia mvumo tu. Kwenye baiskeli ni mtikisiko usiokatika, kilomita baada ya kilomita. Ongeza hapo kingo za lami zilizomeguka unapolazimika kulipisha basi, rasta, matuta yasiyo na alama, na viraka. Kipande laini cha Barabara Kuu ya Thika kinastahili hesabu moja, na barabara ya kokoto kutoka wilaya hadi wilaya inastahili nyingine. Ukiwa na tairi moja tu la kutumia kote, chagua kwa ajili ya ile mbaya.

Kuna pahali tairi jembamba bado lina hoja: hewa inayokupiga usoni. Ukiendesha peke yako kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, kwenye lami laini, na rimu nene za mashindano, tairi linalolingana na upana wa rimu linakata hewa vizuri zaidi. Hayo ni mambo ya mashindano ya kukimbiza saa. Wengi wetu kwa wastani hatufiki huko.

Fremu na rimu zinaruhusu nini

Basi nenda pana kadiri baiskeli yako inavyoruhusu kwa usalama. Kinachoamua ni nafasi. Pindua baiskeli, au iegeshe ukutani, uangalie mahali panne: kati ya tairi na breki kwa juu, kati ya tairi na taji la uma wa mbele, kati ya tairi na zile bomba mbili za chini karibu na pedeli, na kati ya tairi na bomba la kusimama la tandiko. Chukua alenki ya namba 4 uipitishe kwenye kila nafasi huku ukizungusha gurudumu. Ikikwama popote, tairi lililopo limeshafika mwisho. Ikipita na alenki ya namba 6 nayo ikapita, una ruhusa ya kupanda kwa milimita mbili. Nafasi hiyo si anasa. Rimu hupinda kidogo spoki zikilegea, jiwe hunasa kwenye mpira, matope ya masika hujaa, na tairi likigusa uma wa mbele ukiwa kasi unaruka juu ya usukani.

Baiskeli nyingi za resi za breki za rimu za miaka ya 1990 na 2000 hukubali 25, nyingine 28 kwa kubanana. Za kisasa za breki za diski mara nyingi hufika 32 na zaidi. Ukikuta nyuma kunakubali 25 tu lakini mbele kunaingia 28, weka hivyo hivyo; hakuna sheria inayodai yalingane. Wengine hufanya kinyume, wanaweka jembamba mbele, na mimi sielewi faida yake: gurudumu la mbele ndilo lenye usukani, ndilo likiteleza hakuna kujiokoa.

Kumbuka pia kwamba upana ulioandikwa si lazima uwe upana utakaoupata. Rimu za zamani zina nafasi ya ndani ya milimita 13 hadi 15. Za kisasa 19, 21 au zaidi. Tairi la 25 kwenye rimu ya 21 hutanuka likakaribia 27. Kwa hiyo pima kwa kalipa tairi likiwa na upepo na limeshakaa siku moja, kwani mpira mpya hulegea kidogo baada ya kujazwa.

Ukiniuliza nichague bila kuiona baiskeli yako, nitasema 28. Kama fremu inakubali 32 na unabeba laptopu, chakula na nguo za kazi, chukua 32 wala usitazame nyuma. 25 ni kwa fremu iliyokataa. 23 ni ya kumalizia iliyopo, siyo ya kununua.

Kuhusu kashata za tairi: kwenye lami hazina kazi. Tairi la gari huhitaji mitaro ya kusukuma maji kwa sababu ni pana na linakwenda kasi kubwa. Tairi la baiskeli ni jembamba na la duara, linayakata maji lenyewe. Tairi lililotoka kiwandani likiwa laini kabisa ndilo linaloshika lami vizuri, kavu hata mvua. Usilichanganye na tairi kipara lililochakaa hadi nyuzi.

Upepo: anza na uzito

Namba ya psi iliyochapwa ubavuni ni kikomo. Mwenye kiwanda anakuambia usivuke pale. Hakuambii ujaze mpaka pale, na hajui kama una kilo 50 au 95. Hapo ndipo makosa mengi yanapoanza, hata kwa mafundi wazuri.

Kosa linalofuata ni la mtu aliyenunua tairi pana halafu akalijaza kama lile la zamani. Mvutano kwenye ganda la tairi unategemea vitu viwili kwa pamoja, nguvu ya upepo na upana. Tairi la 23 lenye psi 100 lina ugumu unaokaribiana na la 28 lenye psi 82, au la 32 lenye psi 72. Ukiweka psi 100 kwenye 28 umejitengenezea kitu kigumu kuliko ulichokikimbia, kisha utasema matairi mapana hayana maana.

Mhandisi Mmarekani Frank Berto alitumia miaka mingi kupima jinsi matairi yanavyobonyea chini ya uzito, na kiwango alichopendekeza kimekubalika sana: ukikaa juu ya baiskeli, tairi lipungue kimo kwa asilimia 15. Lisipobonyea kiasi hicho, linakurusha. Likibonyea zaidi sana, linayumba kwenye kona na rimu inakaribia barabara.

Ili kufika hapo unahitaji kujua uzito, na si wa mwili peke yake. Tafuta mizani ya kusimamia, ile ya nyumbani inatosha. Weka gurudumu la nyuma juu yake, na chini ya gurudumu la mbele weka vitabu au ubao wa kimo kilekile ili baiskeli isiiname. Panda ukiwa umevaa kama unavyosafiri, chupa zimejaa maji, mkoba mahali pake, mtu akushikilie mabega, nawe shika usukani unavyoushika barabarani. Asome namba. Kisha geuza, pima mbele. Kwa watu wengi nyuma hubeba asilimia 55 hadi 60 ya uzito wote, na ndiyo maana kujaza matairi yote mawili sawasawa hakuna mantiki.

Tuchukue mtu wa kilo 65. Baiskeli yake ina kilo 11, maji, pampu, tyubu na vifaa kilo 4: jumla 80. Kwa tairi la nyuma, kanuni ya Berto inampa takriban psi 85 kama ni la 25, psi 70 kama ni la 28, psi 56 kama ni la 32, na psi 48 kama ni la 35. Mbele apunguze psi 5 hadi 10 kutoka hapo. Asipunguze zaidi, maana akifunga breki uzito wote unakimbilia mbele. Kila jumla ikiongezeka au kupungua kwa kilo 5, ongeza au punguza psi 5 kwa matairi ya 25 na 28, psi 4 kwa 32. Mzigo wa kwenye keria una hesabu yake, kwani unaenda karibu wote nyuma: kilo 10 pale zinataka psi 15 hivi za ziada kwenye tairi la 28, na mbele usiguse. Ukiona jumla yako imefika kilo 100 na una matairi ya 25, hesabu inakupeleka psi 105, karibu na kikomo cha matairi mengi. Hilo peke yake linatosha kukuambia uhamie 28 au 32.

Kama pampu yako inasoma bar, bar 1 ni psi 14.5, psi 70 ni bar 4.8.

Wenye magurudumu mapya ya kaboni wasome pia maandishi ya kwenye rimu. Kuna rimu zisizo na ndoana ya ndani ya kushikilia ukingo wa tairi. Hizo kikomo chake ni bar 5, yaani psi 72.5, hata kama tairi limeandikwa zaidi, na hutumia matairi yaliyoidhinishwa kwa rimu hizo tu. Kwenye jambo hili hakuna kukisia.

Tafuta namba yako barabarani

Namba nilizotaja ni mahali pa kuanzia. Chagua kipande cha barabara unachokijua, chenye kokoto, kona moja au mbili na tuta. Anza na namba ya hesabu. Rudia kipande kilekile ukiwa umetoa psi 5 mbele na nyuma, kisha 5 nyingine. Utafika mahali usukani unakuwa mzito kwenye kona, tairi la nyuma linayumbayumba ukisimama kwenye pedeli kupanda mlima, au unasikia rimu ikigonga kwenye ukingo wa tuta. Hapo umepita. Rudisha psi 5. Andika namba mbili hizo, ya mbele na ya nyuma, kwenye kipande cha plasta uibandike chini ya tandiko, ili hata fundi mwingine akikuhudumia azikute.

Utakachokiona kwenye jaribio hili ni kwamba hisia ya mwendo inadanganya. Tairi gumu hutetemesha, na mtetemo mwili huusoma kama kasi. Tazama saa, au mita ya baiskeli kama unayo.

Pima kwa geji ileile kila mara. Kidole gumba hakitofautishi psi 70 na psi 100. Pampu ya kusimama yenye geji ni kifaa cha kwanza cha kununua baada ya tairi, hata mkichangishana watu wawili watatu wa kikundi kimoja. Tyubu za kawaida huvujisha upepo kidogo kidogo, na tairi jembamba lina hewa kidogo tangu mwanzo, kwa hiyo lililokuwa sawa Jumapili halitakuwa sawa Jumapili ijayo. Kwa valvu nyembamba, legeza kijiti cha juu kwanza, kibonyeze mara moja hewa itoke kidogo, ndipo uweke pampu. Asiyefanya hivyo hushindana na valvu iliyoganda na mara nyingi hukipinda kijiti.

Kwenye kituo cha mafuta kuwa mwangalifu. Kompresa ile imekusudiwa matairi ya magari yenye hewa nyingi. Tyubu yako hujaa kwa sekunde chache na ikapasuka kabla mhudumu hajatazama geji. Utahitaji adapta ya kugeuza valvu nyembamba iwe ya gari. Omba ujaze mwenyewe, kwa kugusa na kuachia, na ukifika nyumbani usahihishe kwa geji yako.

Mvua ikinyesha toa psi 5 kila upande; lami iliyotoka kulowa baada ya kiangazi kirefu ina mafuta ya miezi juu yake. Jua nalo lina lake. Tairi lililojazwa psi 75 asubuhi ya baridi, likaachwa juani adhuhuri hadi mpira uunguze mkono, hupanda kwa psi 8 hivi. Kwa aliyejaza hadi kikomo hiyo ni hatari, kwa aliyejaza kwa hesabu si kitu. Kupanda kutoka Mombasa hadi Nairobi kunaongeza psi 3 hivi tu kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi zaidi, usijisumbue nayo. Cha kujisumbua nacho ni mteremko mrefu kwa breki za rimu, kama Lushoto kushuka Mombo, au Kitonga kule Iringa. Ukishikilia breki mfululizo rimu inachemka na hewa ya ndani inapata joto. Bana kwa nguvu, achia, bana tena, ukibadilishana mbele na nyuma, na usianze mteremko tairi likiwa kwenye kikomo.

Matairi yasiyo na tyubu, yanayowekwa dawa ya maji ya kuziba matundu, yanakuruhusu kushusha upepo zaidi bila hofu. Dawa hiyo hukauka upesi kwenye joto letu na inataka kuongezwa mara kwa mara. Anayepita kila siku penye mbigiri na mwenye uwezo wa kuinunua, inamfaa. Wengine tyubu zinawatosha.

Pancha inasema

Unapovalisha tairi, weka maandishi ya jina la kiwanda sambamba na valvu. Baadaye ukipata tundu kwenye tyubu utajua lilikuwa mkabala na sehemu gani ya tairi, na utakitafuta kilichotoboa badala ya kukiacha humo kikatoboe tena.

Matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba, kama alama ya meno ya nyoka, yanamaanisha tyubu ilibanwa kati ya rimu na kitu kigumu. Upepo ulikuwa mdogo kwa uzito wako, au uligonga shimo bila kujinyanyua kwenye tandiko. Ongeza psi 5 kwenye gurudumu hilo. Yakirudi tena na tena ilhali hesabu yako iko sawa, tairi ni jembamba kwa barabara unayoipita. Tundu upande wa ndani, unaotazama rimu, halihusiani na upepo: utepe unaofunika vichwa vya spoki umehama au umechanika. Tundu kwenye shina la valvu ni la kuvutwa wakati wa kupampu. Shikilia gurudumu na kichwa cha pampu kwa pamoja.

Tundu moja upande wa nje ni mwiba, kioo, au ule waya mwembamba wa chuma unaomwagika pembeni mwa barabara kuu pale tairi la lori linapopasuka. Waya huo ni mfupi kama ncha ya sindano na macho hayauoni. Pitisha kitambaa chepesi au pamba ndani ya tairi taratibu. Nyuzi zitanasa pale ulipo. Uchomoe kwa koleo kutoka nje. Tairi gumu kupita kiasi huvikandamiza vitu hivi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo kujaza sana hakukukingi na miiba kama wengi wanavyodhani.

Na ukishahamia tairi pana, badilisha pia tyubu ya akiba unayobeba. Iliyoandikwa 18-25 ikiwekwa ndani ya tairi la 32 hutanuka ikawa nyembamba mno, na kiraka hakishiki vizuri juu yake. Chukua ya 28-32, na kabla ya safari hakikisha valvu yake ni ndefu ya kutosha kutokeza kwenye rimu yako.